Kovu la Mpanda Farasi

Mzee Zanga aliondoa kitambaa, akamkabidhi mpiga ramli, Mama Yelimi, sanamu aliyoiagiza: farasi wa mti na mpandaji wake. Mama aliutazama uso wa mpandaji, kisha akaiweka sanamu chini haraka, kana kwamba imemuunguza.

"Nilikuagiza pepo wa porini, mzee wangu. Mbona umenichongea mtu?"

Zanga akainama kutazama. Kidevu kilichochongoka, kovu juu ya jicho: alikuwa Nawa, mwanawe aliyekwenda vitani na hata salamu hajaleta. Mkono wa baba ulikuwa umemchonga bila mwenyewe kujua.

"Mwiko unaujua," Mama Yelimi alisema kwa upole. "Mtu aliye hai hapandishwi farasi wa pepo. Akipandishwa, hashuki."

"Nitamfuta, mama. Kovu likitoka tu, hatakuwa yeye."

Akashika kisu, akaparuza. Kovu likabaki. Akaparuza tena, unga wa mti ukimjaa magotini, mpaka akaona kwamba kovu lile hakulichonga yeye. Ulikuwa ufa wa mti wenyewe, na ulizidi kwenda ndani.

Mama Yelimi akajitanda nguo kichwani, kama afanyavyo msibani. Zanga aliendelea kuparuza.