Upo? Nipo

Kichwa chake mwenyewe kilikuwa mezani, na kilikataa katakata kugeukia kushoto.

“Upo?” baba yake aliita kutoka sebuleni.

“Nipo, baba,” Fundi alijibu, bisibisi ikiwa mdomoni.

Nyumba ile ilikuwa imeendeshwa kwa maneno hayo mawili kwa miaka sita, tangu mama afariki. Mzee kwenye kiti chake, binti kwenye karakana yake, na katikati yao mlango wa kioo cha mawimbi kinachoonyesha kivuli tu. Mzee aliita kila alipojisikia. Jibu likichelewa, fimbo ilianza kugonga sakafu. Fundi alikuwa ametimiza miaka thelathini na tisa akisema nipo.

Alitengeneza sanamu zinazojongea, kazi aliyofundishwa na baba yake, kwa ajili ya maonyesho ya watoto: simba anayepepesa macho, bibi anayefuma sweta. Kikundi cha maigizo cha mji mwingine kilikuwa kimempa kazi na chumba, mradi aripoti Ijumaa. Si mara ya kwanza kuitwa. Mara tatu alikwisha kubeba begi, na mara tatu mzee alishika kifua akaanguka polepole, akichagua vizuri mahali pa kuangukia. Fundi aliiona hila hiyo waziwazi, na bado alirudisha begi kabatini. Alijionea aibu. Usiku alilia kwa hasira, asubuhi akachemsha chai.

Safari hii hataaga. Shangazi alikubali kuja Alhamisi jioni kukaa na mzee. Zilihitajika saa tatu tu za kivuli mlangoni na sauti ya kuitikia, na sanamu yenye sura yake ingevitoa vyote viwili.

Lakini servo zilimtoa jasho. Servo ni kimota kinachogeuka kiasi ulichokiamuru, kisha kikatulia hapo hapo. Zile za meno ya plastiki zilishindwa kubeba kichwa, tena zilitetemeka zikilia kama nyuki. Akazitupa kwenye boksi la takataka. Shingoni aliweka moja nzito ya meno ya chuma, isiyo na kelele, na kwenye kiwiko nyingine ndogo, kwa kuwa mkono ulitakiwa kupanda na kushuka tu kama wa mtu anayepiga msasa. Ikabaki bodi ya kuziamrisha. Ya kwanza ilijua kuhesabu dakika, basi; ikifika ishirini inafanya kazi yake, ikifika ishirini nyingine inarudia. Mzee haiti kwa saa. Nayo ikaenda boksini, akanunua yenye sikio, ambayo ikisikia sauti ndipo inajibu.

“Vile vinavyolia kama nyuki umevitupa?” mzee aliuliza wakila.

“Havifai, baba. Vinatetemeka.”

“Mbona hata mimi natetemeka?”

“Kula, chakula kinapoa.”

Mzee alikula matonge mawili. “Leo nitoke kidogo, nikacheze drafti kwa kinyozi.”

“Na goti hilo? Ukianguka nani atakuokota? Hutoki.”

Jibu hilo nalo lilikuwa na umri wa miaka sita. Mzee aliinamia sahani, na Fundi akakusanya vyombo huku akiwaza shingo ya chuma.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mzee alikataa kusaidiwa kwenda kwenye kiti. “Nenda kafanye kazi yako, mwanangu,” alisema, na sauti yake ilikuwa na upole ambao Fundi hakuuzoea. Upole huo nusura umvunje moyo. Alikwenda karakana, akaivisha sanamu gauni lake la kazi na kilemba chake, akaikalisha kwenye stuli.

“Upo?”

“Nipo, baba,” sanamu ikasema kwa sauti ya Fundi iliyorekodiwa, na kichwa kikageukia mlango bila papara.

Alingoja fimbo. Haikugonga. Wito wa pili ulikuja baada ya dakika ishirini, ukajibiwa.

Fundi akachukua begi na kutokea mlango wa uani. Alinyata kama mwizi wa mara ya kwanza. Angeweza kupita moja kwa moja hadi getini, ila mzazi ni mzazi. Alirudi mpaka dirisha la sebule amwone mara moja tu, amwombe radhi kimoyomoyo.

Mzee alikuwa kitini, kofia imeshuka usoni, blanketi limemfunika hadi kidevuni. Fundi alifuta machozi ili aone vizuri. Chini ya blanketi, pale ambapo miguu ingekuwa, ulitokeza waya mweusi uliotambaa sakafuni hadi kwenye soketi ya ukutani, na kofia ilitetemeka ikilia kama nyuki.

“Upo?” kiti kikauliza.

“Nipo, baba,” karakana ikajibu.