Ndoo Mia Nne

Karani Shomvi alikuwa ameshaandika ripoti yake: "Watu wa mtaa huu hawajali kura. Kituo cha kura kifungwe." Kumchagua diwani walijitokeza tisini kati ya mia nne. Lakini kumchagua mshika ufunguo wa bomba, ambapo kila mtu huweka ndoo yake nyuma ya amtakaye, daftari la bomba lilisema mia nne kamili.

"Mmeongeza hesabu, Bi Mwanaasha," alimwambia mshika ufunguo. "Hata mimi, mkazi wa hapa, sikuja."

"Ndoo yako tuliileta sisi, mwanangu. Ulikuwa kazini, tukuache? Diwani tunamwona mara moja kwa miaka mitano. Bomba ni kila asubuhi."

Karani akacheka, akaifuta ile sentensi ya kufunga kituo. Pale bombani ndoo yake ilikuwa imeshajaa, na mtu alikuwa ameifunika kwa sahani.