Upindo wa Inchi Nne

Fundi Mkude alikuwa ameziegemeza picha mbili za mapafu yake kwenye kioo cha dirisha, futi ya kupimia nguo mkononi. Katika ya kwanza, doa lilikuwa kama punje ya mtama. Katika ya pili, iliyopigwa miezi minne baadaye, lilikuwa kama gololi. Daktari alishalitoa pamoja na kipande cha pafu, lakini maneno yake yalikataa kumtoka kichwani: "Lilikua kwa kasi, mzee. Wenye madoa ya polepole ndio huishi sana. Wewe tutakuchunguza kila miezi mitatu."

Akapima tena, kana kwamba doa lingeona haya lirudi nyuma.

"Hodi, fundi!" Mama Tunu aliingia na bintiye kujaribu sketi ya shule, iliyobaki upindo tu. "Acha upindo wa kutosha. Huyu anarefuka kama mahindi ya masika. Mwakani nakuletea uushushe, na mwaka wa pili tena."

Fundi alijishika ubavuni, penye kovu. "Na ukija usinikute?"

"Uende wapi, fundi, na cherehani yako iko hapa?"

Fundi alikunja inchi nne, akaanza kuushikiza upindo kwa mishono mirefu, iliyolegea, ambayo fundi yeyote angeweza kuifumua. Alipofika nusu, mkono ukasita. Akafumua yote. Akaanza upya kwa ule mshono wake wa kuficha uzi, ambao katika mji mzima ni yeye tu ajuaye unafumuliwa kuanzia wapi.