Ngiri na Gogo la Mninga

Aliondokea Ngiri mmoja mwenye kifua kipana na sikio la kufa. Kila asubuhi Chura, mwalimu wa kunyanyua vizito, alimkumbusha: "Chuchumaa, nyoosha mgongo, vuta pumzi, ndipo unyanyue. Anza na kijiti, kama alivyoanza mwenzio Digidigi."

"Kijiti ni cha kuchokolea meno!" alifoka Ngiri, maana aliwaona majike wawili wakija. Akainama ovyoovyo, akalivamia gogo la mninga, akalivuta kwa pupa. Mgongo ukalia ka! Akaganda amepiga magoti, pua mchangani, mkia juu.

Majike hawakushtuka, kwani ngiri hula vivyo hivyo. "Kula taratibu, kaka, hunyang'anywi," walimwambia. Kwa kuona haya, Ngiri akaanza kutafuna mchanga.

Walipopita, Chura akasema, "Digidigi, leo tunaongeza uzito." Digidigi, miguu yake kama njiti, akachuchumaa, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akajitwika Ngiri mabegani kumpeleka kwa mganga.

Njiani wakawakuta tena wale majike.

"Mdogo wangu," Ngiri alinong'ona huko juu, "hebu yumbayumba kidogo, wasije wakaniona mwepesi."

Digidigi hakuyumba.