Nakala ya Tatu

"Kitu kikishafutwa humu, kinaweza kurudi?"

Mama Fundi aliuliza hata kabla ya salamu. Laptopu ilikuwa kifuani pake, imefungwa kwa kitambaa cha mteja, na pini za kushonea bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake.

Klabu ya kompyuta ya mtaani ilikuwa katikati ya somo la kupanga mafaili. Kinyozi, anayeshika kipanya kama vile kitamkata, alikiachia. Nesi mstaafu akasogeza kiti.

"Kinarudi, mama," alisema Mwalimu. "Mara nyingi kinarudi."

Mama Fundi aliketi.

Wote walimjua. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na binti yao wa pekee alikuwa mwanachama wa klabu. Kesho yake binti huyo angeondoka kwenda chuoni na laptopu hiyo hiyo, urithi wa baba yake.

"Kuna sauti ya baba yake humu," alisema. "Alijirekodi kitandani, siku zile za mwisho. Nimeifuta mimi mwenyewe. Hata lile kapu la taka nimelimwaga. Halafu juzi mtoto anarudi kutoka hapa, ananiambia mmewafundisha kufufua vilivyofutwa."

"Pole, mwanangu. Mkono huteleza," alisema nesi.

Mama Fundi alimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, naomba tuongee pembeni kidogo."

"Pembeni ya nini? Hapa sisi ni ndugu. Aibu ya kufuta tumeionja wote."

Mwalimu hasa ndiye aliyeionja. Picha zote za marehemu mkewe zilikuwa kwenye simu moja, na simu hiyo ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Tangu siku hiyo akaweka sheria, akaibandika ukutani, na wenzake wamemtania nayo mpaka wamechoka: kinachookolewa kinatolewa nakala tatu papo hapo. Moja kwenye flashi, moja kwenye kompyuta ya klabu, ya tatu kwa ndugu wa karibu. "Ukingoja kesho, umeshalia," ndivyo asemavyo.

Programu ikaanza kutafuta. Mstari wa kijani ulijivuta kwenye kioo polepole mno. Mama Fundi alikuwa anachomoa pini na kuichomeka tena, anachomoa na kuichomeka, mpaka ikamtoboa kidole asihisi.

"Kama haipo, niambie tu haipo," alisema. "Nitakwenda kulala."

"Usikate tamaa, mama. Mpaka mwisho."

"Mwalimu, mimi maji yamenifika shingoni."

"Najua. Ndiyo maana tupo."

Mstari ukafika mwisho. Faili moja la sauti likajitokeza, tarehe yake siku chache kabla ya msiba. Mwalimu akabofya kuhakikisha kama ni zima. Kikasikika kikohozi, kisha sauti dhaifu ya mwanamume: "Mwanangu..."

"Zima!" Mama Fundi alipiga kelele. "Zima, nakuomba!"

Mwalimu akazima. Nesi alikuwa analia waziwazi. Kinyozi alipiga makofi mawili, akaona haya, akaacha. Mwalimu naye machozi yalimlenga, lakini mikono yake ilikwishaanza kazi iliyoizoea: flashi, kompyuta ya klabu, simu.

"Tumpishe mama na mumewe," alisema nesi, akawatoa wenzake nje mmoja mmoja, akaufunga mlango taratibu.

Mama Fundi alisubiri nyayo ziishe ukumbini. Kisha akamshika Mwalimu mkono kwa nguvu zake zote.

"Sasa nifundishe kuifuta isirudi tena. Hata mtaalamu asiipate."

"Kuifuta?"

"Mwanangu anaamini mimi ndiye niliyemzaa." Aliutazama mlango. "Baba yake alitaka amwambie ukweli kabla hajafa. Mimi siwezi, Mwalimu. Sina mwingine duniani."

Simu ya Mwalimu ilitetemeka mezani katikati yao, na wote wawili wakausoma ujumbe wa binti:

"Asante sana, Mwalimu. Ndiyo kwanza naanza kuisikiliza."