Mtamba wa Mama Sue

"Nionyeshe mkia tu, nitakwambia nyanya yake alikuwa anatoa lita ngapi," alisema Khaemba mbele ya duka la dawa za mifugo pale Elburgon. Watu wakacheka. Khaemba akijisifu, hata mvua ya Mau husimama kidogo imsikilize.

Wangare, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sue, hakucheka. Ng'ombe wake wa pekee alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kupe, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimweka binti yake kidato cha tatu. Sasa Sue alikuwa nyumbani, akichuma njegere za watu.

"Baba Levis," alimwambia Khaemba, "nimeuza mbuzi wote, nimeuza na cherehani. Nichagulie ng'ombe. Nikikosea safari hii, nimekwisha."

"Usiseme ng'ombe, sema mtamba," Khaemba akamsahihisha. "Ng'ombe ni jina la ukoo mzima. Wa kike ambaye hajazaa ni mtamba. Wa kumpanda ni fahali. Fahali akihasiwa, pole yake, ni maksai."

"Mimi nataka wa maziwa. Hayo majina mengine fundisha Sue."

Sokoni Keringet, Khaemba alipita mitamba kama thelathini bila hata kuwasalimia. Akasimama kwa mmoja mweusi, aliyeshikwa kamba na kijana wa koti la mvua asiye na maneno mengi. Akampapasa mgongo, akamfunua meno, akamwinua mkia.

"Huyu. Mwaka ujao Sue anarudi shule, na maziwa yatakayobaki utanawia uso."

Mtamba akanenepa kama chifu. Mabega yakajaa, shingo ikajaa, ngozi ikang'aa. Weldon, kijana wa pikipiki anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa mtungini, akaitwa. Baada ya wiki tatu mtamba akaanza kulia tena akitaka dume. Weldon akarudi. Wiki tatu zikaisha, mtamba akalia. Akaletwa fahali wa jirani yao Ngigi, mnyama mkubwa kama pikapu, akafanya kazi yake kwa bidii hadi watoto wakafukuzwa wasitazame. Wiki tatu nyingine, mtamba akalia hadi akasikika barabarani.

"Msomaji wa mikia!" Ngigi alimwita Khaemba kutoka ng'ambo ya ua. "Kwani huo mkia uliandikwa lugha gani?"

"Lugha ya fahali wako, na hajui kusoma!"

Khaemba alicheka na wote. Kuchekwa alikubali. Alichokataa ni kitu kimoja.

"Wacha nimwite Daktari Kiprugut wa mifugo," alisema Mama Sue.

"Kiprugut? Yule siku hizi mkono unamtetemeka, Mama Sue. Atamharibu mtoto wa watu. Mpe madini, mpe majani ya nepia, ngoja."

Na jioni akaleta mzigo wa nepia kwa mgongo wake mwenyewe, bila kuombwa. Akaleta na kesho yake. Watu wakasema Khaemba hajui ng'ombe, lakini Mungu amempa moyo.

Siku moja Sue alimkuta akimwaga nepia horini.

"Baba Levis, ulitufundisha majina yote. Asiyeweza kuzaa kabisa anaitwaje?"

Khaemba akamalizia kumwaga nepia. Akapangusa mikono kwa suruali.

"Anaitwa bado," akasema.

Muhula ukafunguliwa, ukafungwa, mwingine ukafunguliwa. Mama Sue akang'oa mabati ya jikoni akauza, akanunua chakula cha ng'ombe. Mvua ikawa inapika pamoja naye. Mtamba alikula, akalia, akala. Hatimaye Sue akakunja sare yake, akampa mtoto wa jirani. Binamu yake alikuwa amemtafutia kazi ya kukata maua Naivasha. Angeondoka Jumatatu.

Jumapili, baada ya kanisa, Sue alipiga namba ya Daktari Kiprugut, ile iliyopakwa rangi mlangoni pa duka la dawa. Hakumwambia mtu.

Kiprugut alifika na gambuti zake, mkono umetulia tuli. Khaemba alikuwa ndio anashusha mzigo wa nepia. Akausimamisha hapo hapo begani, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuuweka chini.

Daktari alivaa glavu ndefu, akapima. Hakukawia.

"Njia ya uzazi imekomea hapa karibu. Haiendi popote." Akavua glavu. "Mama, huyu ni pacha wa dume. Mtamba akikaa tumbo moja na ndama dume, huwa hivi. Mara nyingi hazai, na huyu hatazaa. Hata umletee fahali wa serikali."

Mama Sue aliketi juu ya ndoo. Hakulia. Alimtazama Sue, na Sue akatazama begi lake lililokuwa tayari mlangoni.

"Walaghai wa Keringet!" Khaemba akafoka, mzigo ukamwanguka. "Yule kijana wa koti nikimpata! Daktari, mimi na akili zangu zote nimeuziwa hewa, nikaonekana mjinga mbele ya mtaa mzima. Mama Sue, ungejua ninavyoumia. Tulidanganywa sote."

Kiprugut alikuwa ameshika sikio la kushoto la mtamba. Akaligeuza, akasugua matope kwa kidole gumba hadi tundu mbili ndogo zikaonekana. Akainua macho, akamtazama Khaemba kama mtu asiyejua kama anataniwa.

"Lakini Khaemba, alama hizi nilitoboa mimi, zizini kwako. Si ndiye huyu niliyemvuta tumboni wa pili baada ya dume, nikakwambia siku ile ile umpeleke kwa mchinjaji?"