Mkono Ndani ya Kahawa

Patron, mwenye depo ya kahawa, aliposimama kati ya meza za kuchambulia, Kahongya alizidi kuudidimiza mkono wake wa kushoto ndani ya kahawa. Ndivyo alivyofanya tangu vita vimlete Butembo: wa kulia unachambua punje mbovu, wa kushoto umezikwa hadi kwenye kifundo, ili uonekane nao unafanya kazi. Risasi ya njia ya Beni ilikuwa imeuachia vidole viwili tu.

Kwa malipo ya siku, mfanyakazi wa polepole ni hasara kwa patron. Jumatatu walikuwa wamefukuzwa wawili.

"Kuanzia leo malipo ya siku imeisha," patron akasema. "Ni kwa ndoo. Mwenye kujaza mbili safi, atalipwa mbili."

Wachambuaji wakanung'unika. Kahongya akauliza:

"Na mwenye kujaza nusu, patron? Mutamufukuza?"

"Nimufukuze juu ya nini, mama? Nusu, atalipwa nusu. Miye nalipa kahawa, hapana masaa."

Kahongya akashusha pumzi ndefu. Akauchomoa ule mkono, akaupangusa vumbi kwenye kitenge, akauweka juu ya meza mbele ya watu wote.

Kisha, kwa vile vidole viwili, akaokota punje mbovu ya kwanza.